Siku Nne Kwenye Vilima vya Uluguru: Morogoro, 4 hadi 7 Julai 2025

Ijumaa, 4 Julai: Treni, na jioni Mindu

Kundi letu lina watu sita, na kanuni yake ni moja: asubuhi tunapanda kilima, usiku tunalala kitandani. Hatubebi mahema, hatukodi wapagazi, na hakuna miongoni mwetu anayejiita mpanda milima. Mimi ni karani wa stoo, kazi yangu ni ya kukaa; wenzangu ni mwalimu wa jiografia ambaye ndiye mwenyekiti wetu, dada mmoja muuguzi, fundi umeme, kijana aliyeoa mwezi Mei na ambaye tangu hapo tunamwita Bwana Harusi, na mstaafu wa reli ambaye jina lake kwetu ni Mzee Reli. Kwa miaka miwili tumekuwa tukizunguka vilima vya Pugu na Kisarawe kwa sababu nauli yake haiumizi. Mwaka huu Saba Saba iliangukia Jumatatu, tukaomba ruhusa ya Ijumaa, tukapata siku nne mfululizo, na Mwalimu akasema kwamba wakati wa kwenda Uluguru umefika.

Tuliondoka Dar es Salaam kwa treni ya mwendokasi ya asubuhi. Mzee Reli, ambaye maisha yake yote ya kazi yaliishia kwenye reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, alikaa dirishani akitaja vituo kimoja baada ya kingine kama anayeita ndugu zake majina: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. "Ninyi mnasikia vituo," alisema. "Ruvu ni mto. Ngerengere ni mto. Na yote miwili tunaifuata kwao." Hatukumtilia maanani sana wakati huo, maana kila mmoja alikuwa akiutafuta mlima. Ulijitokeza upande wa kushoto baada ya Ngerengere, ukuta wa rangi ya buluu uliofifia, vichwa vyake vikiwa ndani ya mawingu ingawa kwingine kote anga lilikuwa jeupe.

Wenyeji huuita mji wao "mji kasoro bahari", na ukisimama barabarani ukaangalia kusini unaelewa majivuno hayo. Mji uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 500 tu kutoka usawa wa bahari, na milima inaanzia kwenye nyumba za mwisho, ikapanda moja kwa moja hadi kuvuka mita 2,000. Hakuna vilima vidogo vya kukuzoesha katikati. Jina lenyewe linasema hivyo: lugulu kwa Kiluguru ni mlima, na Waluguru ni watu wa milimani.

Mchana ulipita katika shughuli za vibali. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo mgeni hupewa kumbukumbu namba ya malipo, hulipa kwa simu, kisha hutafutiwa mwongozaji. Jioni, kwa ajili ya kunyoosha miguu, tulipanda daladala ya barabara ya Iringa hadi Mindu, tukapanda bega la kilima kilicho juu ya bwawa. Hatukufika kileleni na wala hatukuwa na nia hiyo. Bwawa la Mindu, ambalo ndilo linaloupatia mji wa Morogoro sehemu kubwa ya maji yake, lilikuwa limetulia chini yetu kama sahani, na upande wa pili Uluguru ulikuwa umesimama wote mbele yetu kwa mara ya kwanza, mikunjo yake ikionekana moja moja kwa mwanga wa jua la kuzama. Mzee Reli alinyoosha fimbo yake kuelekea kwenye maji na kusema, "Ngerengere hiyo." Tukacheka. Fundi alipiga picha saba za jua, zote zinafanana.

Jumamosi, 5 Julai: Morningside

Mwongozaji alitukuta nje ya nyumba ya wageni saa 12 asubuhi. Alikuwa kijana mwembamba, mzaliwa wa kijiji cha mlimani, amevaa fulana na yeboyebo, mkononi ana panga. Sote tulimwangalia miguu yake kwa mashaka. Yeye naye aliangalia yetu, macho yake yakakaa kidogo kwenye buti zangu za mtumba nilizokuwa nimezinunua kwa fahari wiki iliyotangulia, akasema kwa adabu kubwa: "Buti nzuri, kaka. Ila ni nzito."

Tulifuata barabara ya Boma hadi lami ilipokwisha, tukaingia kwenye njia nyekundu inayopanda sambamba na mto Morogoro. Haikupita nusu saa tukaanza kukutana na watu wanaoshuka, wengi wao akina mama, kichwani wamebeba mikungu ya ndizi, magimbi, majani ya maboga yaliyofungwa kwa kamba za migomba, na mizigo ya kuni. Walikuwa wametoka majumbani mwao usiku wa manane ili wawahi Soko Kuu la Chifu Kingalu wakati wachuuzi wa mjini wanapofungua meza. Soko hilo lilipewa jina la machifu wa Kiluguru wa Kinole, upande wa mashariki wa milima, ambao tangu zamani walisifika kwa kuleta mvua, na jina Kingalu hurithiwa kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Njia ni nyembamba, na hapo ndipo tulipopata somo letu la kwanza. Mwongozaji alitueleza kwamba mwenye mzigo ndiye mwenye njia, na kwamba anayempisha husimama upande wa mlima, akauegemee ukingo, wala asisimame upande wa bonde ambako akiteleza atamvuta na mwenziwe. Tukawa tunasimama kila baada ya hatua kumi, mgongo kwenye udongo, tukisalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mnakwenda wapi na mabegi yote hayo?"

"Tunapanda juu, mama. Morningside."

"Kuna msiba?"

"Hapana, tunatembea tu."

"Kutembea tu!" Alimgeukia mwenzake aliyekuwa nyuma yake, akalirudia neno hilo kwa Kiluguru, na wote wawili wakacheka hadi yule wa nyuma akalazimika kuushika mzigo wake kwa mikono miwili. Tuliwasikia wakiendelea kucheka kwenye kona mbili zilizofuata huko chini. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Njia tuliyokuwa tumeisafiria kutoka Dar es Salaam, tukaiombea ruhusa kazini na kuiita matembezi, kwa mama yule ni kama barabara ya Mandela kwangu: anaipita kwa sababu soko liko upande wa pili.

Tulipopanda zaidi, mashamba yalianza kusimama. Siwezi kutumia neno jingine. Mahindi na maharage yamepandwa kwenye miteremko ambayo mimi nisingethubutu kuipita bila kushika kitu, na mkulima akisimama mguu mmoja juu na mwingine chini, jembe lake linakuwa usawa wa kifua chake. Mwongozaji alitwambia kwamba huku mtu huweza kudondoka kutoka shambani kwake mwenyewe. Tulidhani ni mzaha hadi alipotuonyesha mahali ambapo mjomba wake alidondoka na kuvunjika mkono.

Kwenye shamba moja lililokuwa kando ya njia Mwalimu alimuuliza shamba lile ni la nani. "La mama," alijibu. "La lukolo lwetu." Lukolo ni ukoo, na kwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa mama, ardhi hupita upande huo, na kijana akioa huweza kujikuta analima ardhi ya watu wa mkewe. Bwana Harusi alilisikiliza jambo hili kwa makini yasiyo ya kawaida, akauliza maswali matatu mfululizo kuhusu haki za mume, hadi Dada Muuguzi akamshauri aulize kwa wakwe zake.

Fundi, ambaye hukosa subira tunaposimama kuzungumza, alikuwa ametangulia na kuukwangua mkono wake kwenye kichaka. Tulimsikia kabla ya kumwona. Ulikuwa ni upupu, ambao katika miezi hii ya kiangazi maganda yake huwa yamekauka na manyoya yake hupeperuka ukiugusa kidogo tu. Alikuwa akijikuna mkono, na kwa kujikuna akajipaka shingoni, na kutoka shingoni akajipaka usoni. Mwongozaji alimzuia asijimwagie maji, akampeleka kwenye nyumba ya karibu ambako bibi mmoja, bila kuuliza kitu, alichota majivu jikoni na kumsugua nayo taratibu kama anayemwogesha mtoto, huku Fundi, mtu wa kilo tisini, ametulia tuli. Alipomaliza alikataa pesa. Alikubali chumvi, tuliyokuwa nayo kwa ajili ya mayai.

Tulifika Morningside saa nne na nusu. Ni jengo la zama za Wajerumani lililokaa kwenye bega la mlima, limechakaa, lakini waliolijenga walijua kuchagua mahali. Upepo ni wa baridi, na mbele yako hakuna kitu isipokuwa hewa: mji wote uko chini, mabati yake yakimeta, Mindu imegeuka kichuguu, na nyuma yake tambarare inaendelea hadi macho yanaposhindwa kutofautisha nchi na ukungu. Juu yetu kilionekana kilele cha Bondwa na minara yake ya mawasiliano. Tulikula chapati na mayai, tukanywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya Dada Muuguzi, kisha tukapanda kwa muda hadi msitu unapoanzia, na hapo tukageuka.

Mpaka wa msitu ulinishangaza kuliko mandhari. Upande huu ni shamba, jua linachoma, udongo unatimka vumbi. Unapiga hatua ishirini, na upande ule ni giza la kijani, ardhi inabonyea kama godoro na kila shina limefunikwa na kangaga. Pale ndipo tulipokikuta kijito kikitoka chini ya mizizi, chembamba kiasi cha mtu kukiruka. Mzee Reli alivua kofia, akachota maji kwa viganja na kunawa uso, akaanza kutusomea hesabu yake: kijito hiki huingia mto Morogoro, mto Morogoro huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndio tunaounywa Dar es Salaam, kwani mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayolijaza jiji. "Kwa hiyo haya," alisema akikung'uta mikono, "mtanawia ninyi." Safari hii hakuna aliyecheka.

Kushuka kulikuwa kubaya. Kupanda humaliza pumzi, na pumzi hurudi ukisimama. Kushuka humaliza magoti, na goti halirudi upesi. Tulipita tena nyumbani kwa yule bibi na Fundi akamsalimia kwa heshima ambayo sijawahi kumwona akimpa mtu yeyote.

Jumapili, 6 Julai: Mgeta

Mwongozaji alitushauri tusipande mlima ule ule siku mbili mfululizo, bali tuende nyuma yake tukauone mgongo. Tulikodi Noah, tukatoka saa 11 alfajiri kwa barabara ya Iringa, tukaiacha lami pale Sangasanga, tukapita Mlali, na baada ya hapo gari likaanza kupanda kwa kona ambazo Bwana Harusi aliziona zote akiwa amefumba macho.

Upande huu wa magharibi una tabia yake. Pepo kutoka Bahari ya Hindi huzimwaga mvua zao nyingi kwenye miteremko ya mashariki, huko Kinole na Matombo kwenye ndizi, mananasi na viungo, kisha huvuka migongo zikiwa zimepungukiwa. Mgeta hupata mvua chache zaidi lakini hupata baridi, na baridi hiyo imeifanya kuwa bustani ya mboga: kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo, na matunda ya nchi za baridi kama mapichi na plamu. Kabichi nyingi ninazoziona zikishushwa sokoni Dar es Salaam, ambazo daima nilidhani ni za Iringa au Lushoto, huenda zilipita kwenye kona hizi.

Tulishuka Nyandira na kutembea kwa miguu kuelekea Tchenzema, tukifuata migongo ya vilima. Hakuna kupanda kwa nguvu kama jana, bali kuna kupanda na kushuka kusikokwisha, na kila ukifika juu ya mgongo mmoja unakuta mwingine umekusubiri. Kengele za kanisa na nyimbo za kwaya zilitufikia kutoka bonde ambalo hatukuliona. Dada Muuguzi alisimama hadi wimbo ulipokwisha, nasi tukamsubiri. Mbuzi wa maziwa, ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilisaidia kuwaleta kwa wakulima wa huku katika miaka ya 1980, walitutazama kutoka kwenye mabanda yao yaliyoinuliwa juu ya nguzo.

Jambo lililonishika zaidi ni matuta. Miteremko ya Mgeta imekatwa ngazi, ngazi juu ya ngazi, kutoka mtoni hadi karibu na msitu, na kila ngazi ina rangi yake kulingana na kilichopandwa. Nilimwambia Mwalimu kwamba ni kitu kizuri kuliko vyote tulivyoviona. Alinijibu kwamba yafaa niwe mwangalifu na neno "kizuri" mahali hapa, akatueleza historia yake tukiwa tumeketi kwenye ukingo wa tuta tukila njegere mbichi tulizonunua njiani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na sehemu kubwa ya mpango huo ilikuwa kuwalazimisha watu kuchimba matuta. Katika maeneo mengi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukikata ngazi unaufukia huo na kuutoa juu udongo mwekundu usiootesha kitu. Watu walilima matuta kwa amri, walitozwa faini wasipolima, na mavuno yakapungua. Mwaka 1955 walikataa. Huko Matombo mkutano uligeuka kuwa ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa, na mpango wote ukaachwa. Lakini Mgeta, ambako mboga zilikuwa na soko na mfereji wa maji huweza kupitishwa kutoka tuta hadi tuta, ngazi zilibaki, kwa kuwa mkulima mwenyewe aliona faida yake. Mtaalamu alikuwa na picha moja ya mlima kichwani. Mkulima wa Matombo na mkulima wa Mgeta walijua kwamba hiyo ni milima miwili.

Juu ya Tchenzema tuliuona ukingo wa msitu na nyuma yake uwanda wa Lukwangule, ambao uko juu kabisa, ni nyasi na baridi. Kuufikia na kurudi kungetutaka tuanze usiku, nasi kanuni yetu ni ya kitanda. Tuligeuka saa nane mchana. Tulirudi mjini usiku, kila mmoja akiwa na kabichi mbili miguuni, isipokuwa Bwana Harusi aliyenunua sita, za mkewe, mama yake na wakwe.

Jumatatu, 7 Julai: Lupanga

Kilele cha Lupanga ndicho kinachouangalia mji moja kwa moja. Kina zaidi ya mita 2,100, na tangu tushuke kwenye treni kilikuwa kimetusimamia kichwani kama msimamizi wa mtihani. Mwongozaji alikuja saa 10:30 usiku. Alitukagua mmoja mmoja, akapunguza mizigo yetu, akaacha kwenye nyumba ya wageni kofia mbili, pawabanki tatu na kiti cha kukunja cha Mwalimu, ambacho hakuna aliyejua kwamba kilikuwemo.

Tulipita mitaa ya mwisho ya mji kwa mwanga wa tochi, mbwa wakitubwekea, tukaingia mashambani, na ilipofika saa 12 tulikuwa tumekwisha kuliacha shamba la mwisho. Kutoka hapo njia haikuzunguka tena. Njia za Kiluguru, nimegundua, hazipendi kona: zinachagua mgongo wa mlima na kuupanda kama ngazi ya dari. Tulipanda kwa mikono na miguu, tukishika mizizi, na mazungumzo yalikwisha yenyewe.

Hapo ndipo nilipoielewa tofauti ya njia hii na ile ya Jumamosi. Ile ilikuwa pana, imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, na kila mahali pabaya palikuwa na jiwe lililowekwa na mtu. Hii haikuwa na mtu. Msitu umehifadhiwa tangu zama za Wajerumani, hakuna anayeishi huko juu, hakuna mama anayeipitia kwenda sokoni, kwa hiyo kangaga zimeifunga, miti iliyoanguka imelala pale ilipoangukia, na mwongozaji alilazimika mara kwa mara kusimama na kuitafuta. Njia nzuri niliyoisifia siku ya kwanza ilikuwa kazi ya miguu ya wale waliotucheka.

Saa mbili na nusu asubuhi buti yangu ya kulia ilifumbua mdomo. Soli iliachia kutoka kwenye vidole hadi katikati, ikawa inapiga makofi kila nikiinua mguu. Mwongozaji hakusema neno lolote kuhusu uzuri wa buti zangu. Alitoa mfukoni kipande kirefu cha mpira wa tyubu ya baiskeli, akaifunga soli kwa mizunguko mitano, akaukaza kwa meno, na buti ile ikadumu hadi Dar es Salaam. Yeye mwenyewe aliendelea na yeboyebo zake, ambazo ziliingiza tope na kulitoa, zikaingiza maji na kuyatoa, wala hazikumdai chochote.

Msitu wa juu sikuujua. Niliwahi kusoma kwamba Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi kusini mwa Tanzania, na kwamba kila mlima katika mlolongo huo umekaa peke yake kwa muda mrefu kiasi kwamba una viumbe wake usioshirikiana na mwingine. Kusoma hakukuniandaa kwa ukimya wake. Ukungu ulikuwa ukipita katikati ya mashina, ndevu za kijani zilining'inia matawini zikidondosha maji ingawa mvua haikunyesha, na tuliposimama kupumzika tulisikia matone tu, kila mahali, kama nyumba yenye mabomba mabovu. Mwongozaji alitueleza habari za ndege wa jamii ya kipwe, mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa milima hii, na ambaye yeye mwenyewe amemwona mara mbili katika maisha yake. Tulikaa kimya dakika kumi kwa heshima ya ndege huyo. Hakuja. Walikuja siafu.

Dada Muuguzi ndiye aliyetufikisha. Magoti ya Mwalimu yalikuwa yameanza kulalamika, Fundi alikuwa akitafuta sababu ya kurudi iliyo na heshima, nami nilikuwa nikimngojea mmoja wao aseme. Yeye alishika nafasi ya pili nyuma ya mwongozaji na kuanza kuhesabu hatua kwa sauti, hatua hamsini kisha pumzi kumi, hatua hamsini kisha pumzi kumi, kwa ile sauti ya wodini isiyoruhusu majadiliano. Tulipanda hivyo kwa saa moja na nusu. Ghafla mwongozaji akasimama na kusema, "Tumefika."

Tuliangalia huku na huko. Tulikuwa tumesimama katikati ya miti. Ardhi ilikuwa haipandi tena, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili pekee. Kilele cha Lupanga kimevaa msitu wake hadi utosini. Hakuna jiwe la kusimama, hakuna ukingo, hakuna mji chini wala tambarare, kuna mashina na ukungu mweupe kati yake. Bwana Harusi alikuwa amemwahidi mkewe picha akiwa na Morogoro yote nyuma yake. Alimpigia simu ya video, kwani mtandao ulikuwepo, akageuza kamera pande zote nne, nasi tukasikia sauti ya mwanamke ikiuliza kwa upole kama kweli amepanda mlima au yuko nyuma ya nyumba ya mtu.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyenung'unika. Tulikaa karibu saa nzima mahali ambapo hakuna cha kuangalia. Tulikula kande baridi na ndizi, Mwalimu alilala chali kwenye majani, na Mzee Reli, ambaye kwa umri wake tulikuwa tumemwomba abaki na akakataa, alisimama chini ya mti mmoja ameinua mkono, matone yakimdondokea kiganjani. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anangoja lijae.

Kushuka kulituchukua muda uleule wa kupanda. Mwalimu alishuka nusu ya njia kwa makalio na hakuona aibu, na mimi nilianguka mara nne, mara zote nikiwa natoa ushauri kwa mwingine. Tulipofika kwenye shamba la kwanza tulimkuta mzee mmoja akipalilia. Alitutazama tope letu kuanzia juu hadi chini, akasema, "Poleni sana," kwa huruma ya kweli, akatuonyesha bomba la kunawia.

Mwongozaji tulimlipa tulichopatana na kumwongezea. Nilimwuliza kama anataka buti zangu, nikaona mara moja kwamba nimekosea. Alizitazama, akatabasamu, akaomba kofia ya Mwalimu.

Treni ya jioni ilikuwa imejaa watu wa Saba Saba. Tulikaa wametuzunguka na harufu yetu ya tope na kabichi, na kabla hatujatoka nje ya mji Fundi alikuwa amelala mdomo wazi, alama za upupu bado ziko shingoni. Ilipotangazwa Ngerengere niliinama dirishani nikajaribu kuuona mto, nikauona uso wangu tu kwenye kioo. Ilipotangazwa Ruvu, Mzee Reli, niliyedhani amelala, alifumbua jicho moja.

"Yale ya Jumamosi," alisema, "bado hayajafika." Akalifumba.